Pete Ina Mwenyewe

Hotuba hii niliitoa barazani, mtaa wa Langoni, hapa Lamu, baada ya sala ya Isha, mbele ya wapenzi wa vitabu na vijana wanaoandika hadithi. Naiweka yote kwa ajili ya waliokuwa safarini na waliozuiwa na mvua.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu mlioketi upande ule, ndugu zangu, na ninyi vijana ambao hasa kwa ajili yenu nimeitwa: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie pete za ajabu katika hadithi kubwa za kubuni, zile zenye falme, majoka na safari za miezi. Wako watakaosema jambo hili ni la watoto. Nawaomba wanivumilie mpaka kahawa iishe.

Nianze na daftari. Kijana mmoja wa mtaa huu aliniletea hadithi yake. Mvuvi anaokota pete kwenye vilima vya mchanga kule Shela. Akiivaa haonekani. Akiivaa anaruka. Anaponya wagonjwa, anasikia yaliyomo mioyoni mwa watu, risasi haimwingii. Kufika ukurasa wa tatu maadui wote wamekwisha, mvuvi ni tajiri, na ukurasa wa nne ni mweupe. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, mbona imenikatikia?" Nikamjibu kwa swali: pete hii haiwezi nini? Akanyamaza.

Pete hii haiwezi nini? Ndilo swali nililokuja nalo. Sina jingine.

Babu yangu mzaa mama alikuwa sonara. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichofungukia njiani, benchi la mti lililoungua hapa na pale, koleo, tupa, kijungu cha kuyeyushia kisichozidi kikombe cha kahawa, na bomba la kupulizia moto. Alikuwa akitengeneza zile pete zetu mnazozijua, pete ya fedha yenye kigae cha sahani ya kale, buluu na nyeupe, kilichookotwa ufukweni au kwenye magofu. Alikisugua kigae juu ya jiwe lenye maji mpaka kingo zake zikawa laini kama ukucha. Kisha akazungusha utepe mwembamba wa fedha, akaukandamiza taratibu, mahali pamoja, halafu mkabala wake, halafu mahali pengine, ili kigae kisipasuke. Siku moja aliniita, "Ndoo hapa," akanionyesha fedha ikigeuka. Mwanzo inakuwa nyekundu iliyofifia, kisha inang'aa, halafu ghafla inajikusanya kuwa tone moja linalotetemeka kama jicho. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 hivi, dhahabu kwenye 1,064. Jiko la mkaa la mama halifiki huko mpaka upulize, upulize, upulize.

Nimewapitisha hapo kwa sababu pete maarufu kuliko zote katika hadithi za kubuni inaanza na moto. Aliyeiandika ni J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akawa mwalimu wa lugha za kale huko Oxford. The Hobbit ilitoka 1937. The Lord of the Rings ikafuata kwa mafungu matatu, 1954 na 1955. Mzee Gandalf (simwiti mchawi, maana kwetu mchawi ni mtu mbaya) anaichukua pete ya Frodo, shujaa wa hadithi, anaitupa motoni, pale pale sebuleni. Frodo anashtuka. Mzee anaitoa kwa koleo, anamwekea kiganjani, na pete ni baridi! Haikupata hata joto. Kisha anamweleza kwamba moto ule hauwezi kuyeyusha hata dhahabu ya kawaida. Mjukuu wa sonara aliposoma maneno hayo alijua yuko mikononi mwa mtu anayejua kazi. Anaanza na mpaka wa kweli, wa dhahabu ya dukani, ndipo anakuvusha kwenye mpaka wa kubuni: pete hii haiharibiwi ila kwenye moto ule ule wa mlima ilikofuliwa.

Na kwa nini? Kwa sababu Sauron, adui mkuu wa hadithi, aliyeifua, alitia ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake mwenyewe. Alitaka pete moja izitawale nyingine zote: tatu za Waelfi, watu wa kubuni wasiozeeka, saba za mbilikimo, tisa za binadamu. Ili kuzitawala pete zenye nguvu, hana budi kuweka nguvu nyingi zaidi katika yake. Mnaona alivyojifunga? Pete ikiwa mkononi mwake ni mkubwa kuliko alivyokuwa. Pete ikipotea, bado ipo, naye bado yupo. Pete ikiyeyuka, amekwisha. Babu alikuwa akisema kila pete ina mwenyewe kabla ya kupata mvaaji, na mwenyewe ni yule aliyeketi na moto. Alisema hivyo kwa sababu wateja walipenda kumletea pete zilizotengenezwa na fundi mwingine wakitaka azikuze au azipunguze, naye akikataa kugusa kazi ya mtu bila ya kujua alitia nini ndani. Sauron ndiye mwenyewe wa pete ile. Wote waliobaki ni wakopaji.

Je, mkopaji anapata nini? Hapa ndipo pananipendeza kuliko pote, nami nitakaa kidogo.

Anapata kwa kadiri yake. Galadriel, bibi mkuu wa Waelfi, anamwambia Frodo kwamba pete humpa kila mtu nguvu kwa kipimo cha mtu mwenyewe. Tazameni Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo kabla ya Frodo. Alikuwa na pete hiyo karibu miaka 500. Miaka 500, jamani! Pete ambayo wafalme wangeuza nchi zao waipate. Akafanya nini nayo? Alikaa kwenye pango chini ya mlima, kando ya ziwa la giza, akavua samaki. Alikuwa mtu mdogo mwenye tamaa ndogo, na pete ikampa maisha marefu ya tamaa ndogo.

Au mtazameni Sam, mtunza bustani wa Frodo na mwenzake safarini. Anaibeba pete kwa muda mfupi mno, peke yake, mlangoni mwa nchi ya adui. Pete inamjaribu, kama inavyomjaribu kila mtu. Inamwonyesha nini? Yeye mwenyewe akiongoza majeshi, kisha bustani. Jangwa lote la adui likigeuka bustani kwa amri yake. Ndoto ikaishia bustanini kwa sababu Sam ni mtunza bustani. Hata ushawishi wake una mpaka: inapanda mbegu iliyomo humo humo moyoni mwako. Na Sam akajua kwamba bustani moja ndogo, ya mikono yake, inamtosha. Pete ikarudi kwa Frodo.

Waswahili tunasema chanda chema huvikwa pete. Nimeisikia methali hii kwenye kila harusi tangu utotoni, na siku moja nikagundua mpangilio wake. Chanda kwanza. Wema wa chanda umetangulia, pete imekuja kuushuhudia. Mwana Kupona naye, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwambia bintiye pete zisikose vidoleni, na wasomaji wa utendi huo mnajua ni nasaha ngapi za dini, adabu na ulimi zilizotangulia kabla hajafika kwenye pete na hina. Kidole hakifanywi chema na pete. Tolkien hakuijua methali yetu, lakini kitabu chake kizima kimeisimamia.

Sasa niwaulize: ni nani aliyeweza kuivua?

Nitawapa kisa. Mama mmoja aliletwa dukani kwa babu, mjamzito, kidole kimevimba, pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Alikuwa analia. Nikadhani ni maumivu. Kumbe alisikia kwamba pete itakatwa. Babu akachukua uzi wa kushonea, akaupitisha chini ya pete kwa sindano, sehemu iliyobaki akaizungusha kidoleni, duru juu ya duru, imebana, mpaka ng'ambo ya kiungo. Kidole kikawa cheupe. Kisha akaanza kuufungua uzi kutoka upande wa kiganjani, pole pole, na kila duru ikifunguka pete inasogea mbele nukta moja. Ilichukua muda ambao mimi mtoto niliuona mrefu kama khutba. Ilipotoka, mama yule aliishika kwa mkono wa pili, akaifumba, hakutaka hata kuiweka mezani.

Nilipomsoma Frodo nilimkumbuka mama yule. Frodo hawezi kuitupa pete kwenye moto mdogo wa nyumbani kwake. Anaishika, anakusudia, na anajikuta ameirudisha mfukoni. Safari yote ile ya kwenda kuiharibu, njaa yote ile, rafiki akimbeba mgongoni, na amefika ukingoni mwa moto wa mlima. Anasema nini? Anasema pete ni yake. Hapo pete haikuweza kutoka ila pamoja na kidole. Gollum alikiuma kidole, akateleza, akaanguka motoni nayo. Wako wasomaji wanaoukasirikia mwisho huo, wanasema shujaa ameshindwa. Mimi nasema ndio mwisho wa kweli pekee. Mwandishi alituonyesha tangu sura ya pili kwamba mvaaji hawezi kuiharibu kwa hiari yake. Je, alipofika mwisho avunje mpaka aliouweka mwenyewe ili atufurahishe? Hakuuvunja. Nampa heshima yangu yote kwa hilo.

Nije kwenye kutoonekana, kwa sababu kila kijana ninayemuuliza ataka pete gani hunijibu hivyo.

Ni jambo la kale. Mgiriki Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamweka mtu aitwaye Glaucon asimulie habari za mchungaji wa Lydia. Ardhi inatetemeka, inapasuka. Mchungaji anashuka, anaona farasi wa shaba aliye wazi ndani, mna maiti yenye pete ya dhahabu. Anaivaa. Akikigeuza kichwa cha pete upande wa kiganja, haonekani. Akaenda kwa mfalme, akamshawishi malkia, akamuua mfalme, akatwaa nchi. Glaucon anauliza: tukizitoa pete mbili, moja kwa mwadilifu na moja kwa dhalimu, yupo atakayebaki na uadilifu wake? Pete ya mchungaji haina mpaka hata mmoja, na ndiyo maana kisa kimekwisha kwa mistari michache. Plato hakuwa akisimulia safari, alikuwa akipima mwanadamu, na kwa kupima inatosha.

Lakini msimulizi anahitaji zaidi. Katika The Hobbit, Bilbo, shujaa wa kitabu hicho, akivaa pete ile ile haonekani, ila kwenye jua kali kivuli chake kinabaki, chembamba, kinatikisika. Kivuli tu! Jambo dogo kama hilo, na hadithi nzima inapata pumzi, kwa sababu sasa aliyevaa pete lazima aogope jua. Mfikirieni mtu huyo hapa kwetu, kwenye vichochoro vyetu ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani. Haonekani, sawa. Je, harufu ya udi kwenye kanzu yake? Je, punda atakayesimama ghafla na kukataa kupita? Je, yule bibi kizee wa dirishani anayejua kila mtu kwa mchakacho wa ndara zake? Andikeni hayo, vijana. Hayo hayana mtu mwingine wa kuyaandika.

Na kisha Tolkien anaugeuza mpaka kuwa hatari. Frodo anaivaa pete ili ajifiche, kumbe kwa watumishi wa adui, wale binadamu tisa waliomezwa na pete zao, ndipo ameonekana zaidi. Amejificha kwa marafiki, amejidhihirisha kwa maadui.

Hata majini wana mipaka. Mnakumbuka Aladdin katika Alfu Lela U Lela. Wengi hukumbuka taa wakasahau kwamba alikuwa na pete pia, nayo ina jini wake. Kasri lake lilipohamishwa na adui kwa nguvu za taa, Aladdin aliisugua pete bila kukusudia, jini akatokea. Akamwambia: nirudishie kasri langu. Jini wa pete akasema siwezi, hilo ni la watumwa wa taa. Basi nipeleke mimi kasri lilipo. Hilo akaliweza. Kwa hiyo Aladdin akafika mwenyewe, akalazimika kutumia akili na ujasiri wa mkewe kuipata taa. Angalieni "siwezi" moja ilivyozaa sehemu nzuri kuliko zote za hadithi.

Sisi pia tumelelewa na visa vya pete ya Nabii Suleiman, alayhi salaam, na majini waliomtii. Wazee wanajua kwamba pete hiyo imo kwenye visa vya wasimuliaji. Katika Qur'ani haimo. Kilichomo, katika Suratu Saba, ni fimbo. Nabii amefariki akiwa ameiegemea, na majini wanaendelea na kazi nzito, hawajui, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, mwili ukaanguka. Wenye nguvu za kujenga majumba hawakuijua ghaibu iliyokuwa mbele ya macho yao. Nasema hayo kwa heshima, na sichanganyi aya na hadithi za kubuni. Nawaonyesha tu kwamba masikio yetu yamezoea kusikia nguvu na mpaka wake kwa pamoja.

Sasa zile pete tatu za Waelfi. Jambo hili liko karibu na moyo wangu kuliko yote niliyosema.

Pete hizo Sauron hakuzigusa. Zilifuliwa na Celebrimbor, fundi wa Waelfi, na hazikufuliwa kwa ajili ya vita wala utawala. Kazi yake ni kuponya, kuelewa, na kuhifadhi vitu visichakae. Galadriel ana moja, Nenya, na kwa hiyo msitu wake wa Lothlórien haunyauki. Ukiingia, ni kama umeingia siku ambayo kwingine ilikwisha zamani. Ni nani asiyetaka pete hiyo? Mimi naitaka! Nikipita nyumba ya kale ya mawe, chokaa imebanduka, boriti imeliwa, mlango wa nakshi umeuzwa ukaenda zake, naitaka pete ya Galadriel. Mji wetu uliandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na bado kila masika ukuta mmoja unaanguka mahali.

Lakini pete hizo, kwa kuwa zilifuliwa kwa ufundi uliotoka kwa Sauron, zimefungwa kwenye ile moja. Galadriel anamweleza Frodo waziwazi. Ukishindwa, tumeangamia. Ukishinda, pete yetu inakufa, na nchi hii itafifia, wakati utaifagia. Anajua hivyo, na bado anamsaidia. Frodo anampa pete kuu, bure, kwa mkono wake. Anaikataa. Anakubali kupungua.

Kila nikifika hapo naukumbuka utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, miaka 200 hivi iliyopita, aliutazama mji wa Pate uliokwisha kuanguka. Nyumba zilizokuwa ziking'aa kwa taa sasa giza. Vidaka vilivyopangwa sahani za China, sasa ndege wamezalia makinda humo. Vigae vya sahani hizo hizo ndivyo babu alivyokuwa akivitia kwenye pete! Nilikuwa mtu mzima nilipoyaunganisha haya mawili. Sahani ilivunjika, nyumba ikaanguka, mshairi akaufunza moyo wake kwa kuanguka huko, na baadaye sonara akaokota kipande akakivisha fedha. Pete ya babu haikuweza kuizuia Pate isianguke. Iliweza kubeba kipande cha ukubwa wa ukucha.

Ziko pete nyingine, nazipitia haraka maana usiku unakwenda. Ursula Le Guin, katika The Tombs of Atuan ya mwaka 1971, ana pete ya Erreth-Akbe, ambayo kwa hakika ni kikuku, imevunjika vipande viwili, na alama iliyokatikia katikati ni ile ya amani. Haina nguvu mpaka iungwe. Pete isiyotaka kutawala, inataka kukamilika, naipenda sana. Na katika The Wheel of Time ya Robert Jordan, kuanzia mwaka 1990, wanawake wa Aes Sedai, chama cha wenye nguvu za ajabu, huvaa pete ya nyoka anayejiuma mkia, ambayo haina nguvu zozote. Ni alama ya cheo tu, na watu wanatetemeka wakiiona.

Na msidhani haya ni ya wenzetu tu. Fumo Liyongo hakuwa na pete, lakini alikuwa na nguvu na mpaka wake, na Muhammad Kijuma wa hapa hapa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Chuma hakimwui, silaha hazimwui. Kitu kimoja tu, sindano ya shaba, kitovuni. Na anayeijua siri hiyo ni nani? Mwanawe. Fikirini kama Liyongo asingeuawa na kitu chochote. Tungekuwa na nini? Tusingekuwa na mtoto anayesita juu ya baba aliyelala, wala baba anayekwenda kisimani na jeraha lake, akapiga goti, mshale kwenye upinde, amekufa pale pale, na mji mzima hauthubutu kuteka maji.

Narudi kwenye daftari.

Kijana yule alikaa siku kadhaa, kisha akaniletea tena. Mvuvi ni yule yule, pete ni ile ile ya Shela. Lakini sasa haiponyi, hairushi, haisikii mioyo. Inaficha tu, na inaficha wakati maji yamekupwa. Maji yakianza kujaa, mvaaji anaanza kuonekana, kuanzia miguuni. Na anachokitafuta kiko Takwa, kwenye magofu ya kisiwani Manda. Wazee mnacheka, mmeshaelewa. Mashua haipiti kwenye mikoko kufika Takwa ila maji yamejaa. Kwa hiyo mvuvi amefika anaonekana na kila mtu, na walinzi wa adui wamo ndani ya ukuta, na hana budi ajifiche kwa akili zake mwenyewe saa sita mpaka maji yakupwe, na yakikupwa hawezi kuondoka.

Ameandika kurasa arubaini, hajui atamtoaje. Amekaa pale nyuma, karibu na nguzo, na daftari analo.

Mwanangu, ndoo hapa kwenye taa, utusomee.